Mche Hauambiwi Asante

Machi 24

Vesta ameniambia niandike. Mikono yake inatetemeka siku hizi, kalamu inamkimbia, na daftari lake la mbegu halijawahi kurukwa mwaka hata mmoja. "Andika tarehe, andika hali ya hewa, andika tulichofanya," amesema. "Mawazo yako usiandike, hayo hayaoti." Miwani yake imevunjika mkono mmoja na bila miwani hawezi kuusoma mwandiko wangu. Basi nitaandika nitakavyo.

Vesta ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu Hassel. Hakuolewa. Ameishi peke yake juu kabisa, kwenye kichwa cha bonde, na mimi huku chini kando ya kijito, na kwa miaka arobaini na moja umbali huo ulitufaa sote wawili. Mwezi uliopita daktari alisema moyo wake umechoka, maji yanajaa miguuni, asiachwe peke yake. Jirani yetu Burl Combs akamshusha kwa gari lake la mizigo, yeye na kitanda chake, na sasa analala sebuleni kwangu karibu na dirisha. Daktari alinivuta pembeni akaniambia tusitegemee kuwa naye majira ya joto yakifika.

Leo amefungua kopo lake la ugoro akamimina mezani mbegu za maua ya mwezi, yale ya kutambaa yanayochanua usiku. Tisa tu. Miaka mingine hunipa konzi nzima, lakini Oktoba iliyopita baridi iliwahi, vifuko vya mbegu vikaoza vikiwa vibichi. Hizi tisa ndizo zilizobaki za uzao ulioanza kwa bibi yake.

"Chukua. Ni zako," amesema.

Nimechukua. Huku kwetu milimani, mtu akikupa mmea, au hata mbegu, hupaswi kumwambia asante. Ukisema, mmea unakufa. Kila mtoto anajua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Unausifu, au unazungumzia mambo mengine.

"Mvua itanyesha," nimesema.

"Itanyesha," amesema Vesta.

Machi 25

Tumekwaruza mbegu kwa tupa ya Hassel, ile aliyokuwa akinolea msumeno. Ganda lake ni gumu, usipolikwaruza linakaa ardhini hadi linaoza. Mimi nimekwaruza, Vesta amesimamia.

"Ukiona weupe, acha. Usiguse jicho lake."

"Najua, wifi. Nimefanya hivi miaka arobaini."

"Umefanya vibaya miaka arobaini."

Tumezitia kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu zilale humo.

Machi 26

Zimevimba. Nimekunja vikombe vya gazeti, nikavijaza udongo, nikapanda. Mzizi wa ua la mwezi hautaki kuguswa. Siku ya kuuhamisha unauzika pamoja na gazeti lake. Vesta amekiinua kikombe kimoja machoni. "Umenipandia kwenye ukurasa wa vifo," amesema. Nimemwambia ndio ukurasa pekee tunaousoma humu ndani, ndiyo maana ulikuwa mezani. Amecheka mpaka akakohoa.

Machi 30

Hakuna kitu. Mvua.

Machi 31

Hakuna kitu. Vesta amekula vijiko vitatu vya maharage.

Aprili 3

Baridi imerudi. Hii ni Baridi ya Maua Mekundu, ya kwanza. Majira ya baridi ya huku hayaondoki kwa adabu. Yanaaga, yanafika getini, yanakumbuka kofia, yanarudi. Hurudi mara tatu, na kila mara kuna kitu kinachochanua ndicho kinachoipa baridi hiyo jina: Maua Mekundu, halafu Maua Meupe, halafu ya mwisho kabisa, Baridi ya Miiba, ile miiba ya beri nyeusi inapochanua vichakani. Hakuna mwenye akili anayepanda mche laini nje kabla Baridi ya Miiba haijapita.

Nimehesabu kwenye kalenda ya duka la majeneza iliyoko jikoni. Wiki sita. Sikumwambia Vesta kwamba nilikuwa nahesabu, lakini kitanda chake kinatazama jikoni na yeye si mjinga.

Aprili 5

Mmoja umetoka, shingo imepinda, bado umevaa ganda kichwani. "Hujambo, bibi," Vesta ameuambia.

Aprili 8

Saba. Mbili zimeoza. Vesta amesema saba wanatosha kabisa, na kwamba bibi yake alianza na watatu.

Aprili 11

Leo nimemwosha miguu. Imevimba hadi ngozi inang'aa, na kidole kikiibonyeza kinaacha shimo. Nilipokuwa nikiikausha akasema, "Taratibu, wifi, si sufuria hiyo." Nikakasirika. Nimekuwa nikimkasirikia mtu huyu tangu siku ya harusi yangu, alipouonja mkate wangu wa mahindi akasema unafaa kuezekea. Nimekaa jikoni na hasira yangu, nikaanza kukumbuka mambo ambayo sikutaka kuyakumbuka.

Mtoto wangu wa kwanza alikufa akiwa na siku tisa. Ilikuwa Januari. Vesta alishuka kwa miguu, theluji magotini, akakaa wiki mbili. Alipika, alifua, alizikunja zile nguo ndogo akazificha mahali ambapo sikuzikuta hadi nilipokuwa na nguvu za kuzikuta. Siku ya kuondoka akaniwekea mkononi kitawi cha waridi kilichofungwa kitambaa kibichi. Nikasema waridi zuri.

Nyumba yetu ya kwanza ilipoungua, alikuja na mablanketi yake yote na kikapu cha mizizi ya maua ya kupanda. Nikasema wadudu wamezidi mwaka huu.

Hassel alipokuwa anakufa kwa vumbi la mgodi, miezi minane, Vesta alishuka kila siku ya Mungu akakaa naye mchana ili mimi nilale. Kaka yake, ndiyo, lakini alikuwa mume wangu na zamu ilikuwa yangu. Kila wiki alinijia na mche wa kitu, nyanya, kabichi, sijui nini. Nilikuwa na miche mingi kuliko shamba.

Sijawahi kumwambia asante. Hata mara moja. Siku zote nimejiambia ni mila.

Aprili 19

Tumeanza kuizoesha nje. Siku ya kwanza saa moja, kivulini, mahali ambapo upepo haufiki. Kesho saa mbili. Keshokutwa jua kidogo. Mche uliolelewa ndani haujui jua wala upepo, ukiutoa ghafla unaungua majani. Lazima ufundishwe.

Nimetoa sinia la miche barazani, halafu nimemtoa Vesta, maana nesi wa kaunti amesema apate hewa. Nimemweka kwenye kiti chenye mto, blanketi hadi kidevuni. Amekaa akiitazama ile saba, nayo inamtazama.

"Na mimi unanizoesha nje, wifi?" ameniuliza.

"Unapata hewa."

"Saa moja leo, saa mbili kesho. Haya. Siku ya kunipanda unambie, nivae vizuri."

Burl alikuwa anapita na mbao begani. Alicheka hadi akaziweka chini. Mimi sikucheka. Nimeingia ndani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Aprili 20

Saa mbili. Wote wanane wako salama, miche saba na Vesta.

Aprili 21

Saa tatu. Jani moja limebabuka. Vesta amelala kitini.

Aprili 25

Baridi ya Maua Meupe. Siku mbili sasa miche iko ndani, na Vesta pia. Burl ametuletea kuni.

Aprili 30

Hatoki tena barazani. Amejaribu, magoti yamekataa. Anaitazama miche kupitia dirishani nikiitoa na kuiingiza, na kugonga kioo nikikosea. Leo amegonga mara nne.

Mei 3

Baridi tena tangu jana. Umande wa asubuhi ulikuwa mzito, mikono ilikufa ganzi nikichota maji. Nilipozunguka nyumba nikaona miiba ya beri nyeusi iliyo nyuma ya bomba la moshi imechanua, maua meupe kabisa. Nimerudi ndani mbio kama msichana.

"Ni Baridi ya Miiba, wifi! Imeshafika. Ikipita kesho tumemaliza."

Vesta hakugeuza kichwa. "Miiba ya wapi?"

"Ya hapa nyuma."

"Ya bombani?"

"Miiba ni miiba."

"Ile miiba imekota moto wa jiko lako tangu Novemba, mawe yale hayapoi. Ile ingechanua hata Krismasi ikibembelezwa. Nenda juu kwangu, kaangalie penye kivuli. Kama ya kule imechanua, nitakubali."

Nimesema nitakwenda. Ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda. Magoti yangu nayo ni ya kizee, na nilikuwa nimechoka kusahihishwa nyumbani kwangu mwenyewe na mgeni asiyeweza kwenda chooni bila mimi. Nimeandika hivyo na sitafuta.

Mei 4

Burl amesimama mlangoni na kofia mkononi, nimemuuliza kama hii ni Baridi ya Miiba.

"Mimi naona ni mkia wa ile ya Maua Meupe, Bi Orpha. Imeburuta mwaka huu."

"Miiba yangu imechanua."

"Ya bombani?" ameuliza.

Nimefunga mlango.

Mei 6

Joto. Anga safi. Nimepanda.

Nitasema ukweli kwa nini. Vesta hakula jana wala leo. Usiku anahema kwa shida. Nilitaka aione miche ikiwa ardhini, imeanza kushika kamba za baraza, pale pale dirishani kwake. Sina kingine cha kumpa. Maneno siwezi, na hata ningeyaweza nisingeyasema, maana mche hauambiwi asante. Basi nilitaka aone mikono yangu imefanya jambo moja sawasawa.

Nilipokuwa nabeba sinia akasema, "Niachie mmoja."

"Wa nini?"

"Wa kuzungumza naye. We huna maneno."

Nimemwachia ule mdogo, wa mwisho kutoka, kwenye kopo dirishani. Sita nimewapanda na magazeti yao, nikawafungia kamba sita hadi darini. Nilipomaliza nikatazama dirishani. Hakugonga.

Mei 7

Joto. Wote sita wamesimama.

Mei 8

Joto. Mmoja umeshika kamba.

Mei 9

Joto. Vesta amekula yai.

Mei 10

Mvua ya manyunyu, upepo umegeuka kutoka kaskazini. Si kitu.

Mei 12

Wamekufa.

Jana jioni anga ilisafishika, upepo ukatulia. Nilisimama barazani nikaona pumzi yangu inatoka nyeupe. Mashuka ya zamani yalikuwa pale pale kwenye sanduku. Kufunika miche sita ni kazi ya dakika kumi. Nilijiambia Baridi ya Miiba imeshapita. Nilikuwa nimeshasema hivyo mbele ya Vesta, nimeshasema mbele ya Burl, nimeshamfungia mlango usoni. Kutoka na mashuka ni kukubali. Nikaenda kulala.

Alfajiri bonde lote lilikuwa jeupe. Nyasi zilikuwa zinavunjika chini ya viatu. Miche ilikuwa imesimama, ya kijani kabisa, na nikadhani imepona, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Jua lilipowafikia wakaanza kulegea mmoja mmoja. Kufika saa tatu walikuwa weusi, wananing'inia kwenye kamba zao, maji yanawatoka. Nilikaa chini kwenye nyasi zenye barafu nikawashika majani. Yalikuwa yanateleza kama mboga iliyochemshwa.

Leo nimekwenda hadi kichwa cha bonde, nusu saa yangu ile niliyoibania. Kwenye kivuli, nyumbani kwa Vesta, miiba imechanua. Imechanua jana au juzi, petali bado hazijadondoka hata moja. Ilikuwa inaningoja tu nije nitazame.

Nilipoteremka nilimkuta Burl anazitazama zile kamba. Nikangoja aseme neno, nimrukie. Akakifungua kisu chake, akakata kamba moja moja, akazikunja, akanipa. Ningeona afadhali anitukane.

Pazia la Vesta nililifunga kabla hajaamka. Nimemwambia jua litamuumiza macho.

Mei 13

"Fungua pazia."

"Macho yako, wifi."

"Fungua pazia, Orpha."

Nimelifungua. Ametazama muda mrefu. Nilikuwa nimeshang'oa miche, lakini ardhi ilikuwa na mashimo sita, na kamba hazipo. Nilisimama pale nikingoja aseme ile methali ya sikio la kufa, ile anayoipenda, ambayo amekuwa akinipiga nayo miaka yote. Nilikuwa naitaka. Nilihitaji nimchukie kidogo.

"Ulitaka nione," amesema.

Nikaenda jikoni. Sikuwa nimelia tangu Hassel afe, nami sijui kulia taratibu.

Mei 14

Leo amekuwa na nguvu kidogo. Wanasema huwa hivyo. Ameomba maziwa ya mgando na mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa ndani, akala nusu kikombe.

"Mkate wako umekuwa mzuri," amesema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili. Nilisahau kukwambia."

Halafu akaniambia nikae kitandani, upande wa ukutani. Alikuwa amekishika kile kikopo chenye mche, amekiweka kifuani.

"Unajua kwa nini nilikuwa nakuletea mimea?"

"Ulikuwa unayo."

"Nilikuwa nayo! Lile waridi, mtoto alipokufa, unajua nililitoa wapi? Nililikata kwenye ua wa watu, njiani, na mbwa ananibwekea." Akapumzika kidogo. "Mwaka ulioolewa nilikuletea blanketi. Blanketi tupu, unakumbuka?"

Nakumbuka. La bluu.

"Ulisimama mlangoni, uso mwekundu, mdomo unafunguka unafungwa. Neno haliji. Nikasema, masikini, kwao hawakumfundisha, neno hili litamnyonga. Nikaona nitakuwa nakutesa kila nikija. Basi toka siku ile, kila nikileta kitu naweka na mche juu yake. Ili usilazimike."

"Miaka yote hiyo?"

"Shukrani ya punda ni mateke, na mateke nimeyapata, wifi, usidhani sikuyahisi. Lakini angalau hukunyongwa."

Nilimtazama. Nilikuwa nadhani ananiletea mimea ili kunionyesha kuwa yangu haioti vizuri. Nilikuwa na hakika. Nimekuwa na hakika hiyo kuliko nilivyo na hakika ya mambo mengi ya kanisani. Neno likanipanda, nikalihisi linafika kooni, kubwa na baya, nikafungua mdomo.

"Vesta," nikasema.

"Nyamaza." Akakifunika kikopo kwa mkono, kama mtu anayeziba masikio ya mtoto. "Umebaki mmoja huu. Utauua."

Alikuwa anatabasamu, lakini mkono hakuuondoa.

"Mvua itanyesha," nikasema.

"Itanyesha," amesema Vesta.

Mei 16

Vesta amefariki leo asubuhi, saa moja na nusu. Mawingu. Hakuna upepo.

Mei 18

Tumemzika juu, karibu na Hassel na mtoto. Burl na wanawe ndio waliochimba. Watu wameleta chakula hadi meza imejaa, nyama ya nguruwe, maharage, keki nne. Nimesema asante kwa kila mmoja mlangoni. Asante kwa kuja. Asante kwa keki. Nimemwambia asante mwanamke nisiyemjua jina. Lilikuwa linatoka kwa urahisi kabisa, halikunikwaruza hata kidogo. Nilitamani kujichapa mdomo.

Hakuna aliyeleta mmea.

Mei 19

Hakuna kitu.

Mei 20

Hakuna kitu. Mche uko dirishani, nimeumwagilia. Kitanda Burl atakichukua akipata nafasi. Nimemwambia hakuna haraka.

Mei 27

Leo ni Jumapili ya kusafisha makaburi. Tumekwenda sote na majembe na maua. Nimeling'olea nyasi kaburi la mtoto na la Hassel. La Vesta bado halina nyasi za kung'oa, ni udongo mtupu, unatitia. Nilisimama pale nikataka kusema, lakini watu walikuwa wengi, wanakula kwenye mashuka yaliyotandikwa chini, wanacheka. Tena Vesta hayuko pale. Kama yuko popote, yuko kwenye kile kikopo alichokishika.

Nimerudi nyumbani nikauzika mche barazani, chini ya dirisha lake, na udongo wake wote, bila kuugusa mzizi. Nimeufungia kamba. Nimepiga magoti mbele yake na nikausemea kwa sauti, hakuna aliyekuwa karibu ila kuku.

Asante kwa blanketi. Asante kwa wiki mbili za Januari. Asante kwa kuzificha zile nguo. Asante kwa mablanketi tena. Asante kwa miezi minane, kila siku, na kwa kuvumilia hasira zangu, na kwa ule mche wa nyanya niliomtupia nguruwe baada ya wewe kupanda kilima. Asante kwa mbegu. Asante, Vesta.

Nimeuua mche wa mwisho wa bibi yake, najua. Nilijua nikiwa nasema. Lakini nilikuwa nimeshawaua sita kwa kiburi, na huu mmoja nilitaka ufe kwa sababu nzuri. Bora deni hili lilipwe kwa kitu. Nimeingia ndani nimelala na viatu.

Mei 28

Haujafa. Ni mapema.

Mei 30

Haujafa. Naumwagilia maji kila asubuhi, nisije nikasema ni kiu iliyouua.

Juni 2

Umeshika kamba.

Juni 3

Nimeuambia tena. Asante, asante, asante, kama kichaa. Labda mara ya kwanza haukusikia.

Juni 9

Umefika kwenye kizingiti cha dirisha. Majani makubwa, yana umbo la moyo, hakuna tundu la mdudu. Sijawahi kuona mche wa maua ya mwezi uliokimbia hivi. Nauambia kila asubuhi na kila jioni. Mbele yake nimetaja kila kitu ninachokumbuka, hata vile vidogo, hata chumvi aliyoniazima. Kila nikitaja unapanda.

Juni 17

Burl amekuja kuchukua kitanda. Amesimama akiutazama, mikono kiunoni.

"Huu mmoja umewashinda wote sita, Bi Orpha. Umeutilia nini?"

"Nauambia asante."

Amenitazama vizuri ili aone kama natania. "Mama yangu alisema ukiuambia unakufa."

"Na wangu."

"Basi hii imekuwaje?"

Nimemfungulia mlango. Aliondoka na kitanda, na pale kilipokuwa kuna mistatili minne safi sakafuni, miguu ilipokaa.

Juni 30

Joto kali. Umefika darini.

Julai 8

Haujafa.

Julai 15

Vitumba vitatu, vimejisokota kama mwavuli uliofungwa.

Julai 21

Joto, hakuna upepo, Vesta, kama ulivyotaka iandikwe.

Vesta alikuwa na desturi ya kuwaita watu ua la kwanza likiwa tayari. Basi nimewaita Burl na mkewe, wakaja na viti vyao. Tulikaa barazani jua lilipozama nyuma ya kilima. Kitumba kilitikisika, kikatetema, halafu kikafunguka chote kwa mkupuo mmoja, ua jeupe, pana kama kisahani, na harufu ile ikaingia ndani ya nyumba kupitia dirishani kwake. Mke wa Burl alipiga makofi.

Nikainuka, nikalisogelea, nikaliambia mbele yao. Asante. Nikasubiri. Halikujikunja hata ukingoni.

Wao wamekwenda. Mimi bado nimekaa hapa. Kwa hiyo haikuwa kweli. Ningeweza kumwambia mlangoni, na blanketi la bluu mkononi. Ningeweza kumwambia Januari ile, na nyumba ilipoungua, na siku yoyote kati ya zile za miezi minane. Ningeweza kumwambia Mei 14, nimekaa kitandani, neno likiwa limeshafika kooni, na mkono wake uko juu ya kikopo.

Mche usingekufa. Ningeweza kusema.